Njegere za Kuliwa na Maganda Yake

Habari ilimkuta Arlene kanisani, kwenye ukumbi wa chini, sahani ya maharage ya kuoka ikiwa magotini. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Juni, siku ya chakula cha pamoja. Mama mmoja aliyeketi nyuma yake alikuwa anamwambia mwenzake, kwa sauti ile ya mtu anayetaka na wengine wasikie, kwamba kuna mtoto wa mji wa jirani kala zile njegere mpya, zile za kuliwa na maganda yake. Basi nyuzi za maganda zikamviringika tumboni zikafunga utumbo. Ilibidi apasuliwe. Na uzi uliotolewa, daktari alipoupima, ulikuwa na urefu wa kamba ya kiatu.

Arlene akaweka uma chini. Maharage yakamkauka mdomoni.

Angeweza kugeuka aulize mtoto huyo anaitwa nani na mama yake ni yupi. Hakugeuka. Alikaa pale akiitazama nyanya iliyokuwa pembeni mwa sahani, na kichwani mwake kamba ya kiatu ilikuwa inatoka polepole kwenye tumbo dogo, bila kwisha. Maana na yeye alikuwa na mtoto, na uani kwake kulikuwa na mstari mzima wa njegere hizohizo, zimeshatoa maua, na zilipandwa kwa ajili ya mtoto huyo peke yake.

Mtoto mwenyewe ni Trina, miaka mitano. Trina alikuwa anakula vitu vyeupe. Mkate wa ndani, si ule wa pembeni. Maziwa. Makaroni yasiyo na kitu juu. Kiazi alikubali kama hakina ganda, na kama hakuna mtu aliyemwambia kwamba kiazi ni kizuri kwa afya. Nesi wa wilaya alimpima mwezi wa tatu, akautazama mzani, akamtazama Trina, kisha akautazama mzani tena kana kwamba mmoja wao anadanganya. Akamwambia Arlene, "Mrudishe Agosti, kabla shule haijafunguliwa. Kama hajaongeza kitu, nitamwandikia barua ya hospitali kubwa. Mtafutie cha kijani, mama. Lakini akipende mwenyewe. Ukimlazimisha umekwisha."

Kumbe cha kijani kilikuwa kimeshapatikana. Januari, wakati theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti cha dirisha na watu wa Maine, kaskazini mwa Marekani, hawana la kufanya ila kusoma katalogi za mbegu, Trina alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake wakifunua kurasa. Wakafika kwenye picha ya msichana aliyeng'ata ganda la njegere, nusu limo mdomoni nusu liko nje. Trina akaweka kidole juu ya ganda lile.

"Hii nitakula," alisema.

Maneno hayo Arlene alikuwa hajayasikia mwaka mzima na nusu. Akakunja pembe ya ukurasa, na Aprili ilipofika akaenda duka la pembejeo akanunua pakiti mbili.

*

Walipanda Siku ya Wazalendo, sikukuu ya katikati ya Aprili, kama watu wote wa huko wanavyopanda njegere, bado kuna bonge la theluji kivulini nyuma ya banda. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa, unga wa rangi ya waridi. Trina alizipokea kiganjani akazinusa, ulimi ukaanza kutoka, na Arlene akaruka mtaro mzima kwenda kumshika mkono. Walinawa mara tatu. Baada ya hapo Trina akawa anahesabu tu, mama yake ndiye anaweka. Alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi na moja. Akifika hapo anaanza upya. Kwa hiyo mstari wote ulipandwa kwa mafungu ya kumi na moja.

Fito za kutambalia alileta mama mkwe, Elva, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja wa majani, hatua thelathini. Elva alikuwa na miaka sitini na tisa, mikono kama ya seremala, na kila mwaka alikata matawi ya mti wa mbetula yenye urefu wa kufika kiunoni, akayachomeka kando ya njegere zake. Mwaka huo alikata ya Arlene pia.

"Mama, pakiti imeandika futi sita na zaidi," Arlene alisema.

"Pakiti imeandikwa na watu wa Idaho, kule magharibi," Elva alijibu, akiwa ameshachomeka la kwanza. "Wana nafasi kubwa huko, kila kitu wanakirefusha. Njegere ni njegere. Zikifika hapa kiunoni zitachoka."

Hazikuchoka. Kufika Juni zilikuwa zimepita fito, zimepita kiuno cha Arlene, zimemfika Trina juu ya kichwa, na vikono vya njegere vilikuwa vinapapasa hewani vikitafuta pa kushika. Havikupata. Zikaanza kuegemeana, halafu zikalala zote upande mmoja, zimekumbatiana kama walevi wanaorudishana nyumbani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mzee Orrin, mgane wa miaka sabini na minne, ambaye aliziotesha njegere hizohizo mwaka uliotangulia na sasa alikuwa anajiona profesa. Za kwake zilisimama wima kwenye wavu wa zamani wa banda la kuku.

"Mama Trina," aliita siku moja, amesimama kwenye sanduku la barua mbele ya nyumba yake, "naona zako zimelala mapema. Umezichosha na kazi?"

"Zinapumzika, mzee."

"Zizimie na taa basi."

Arlene alicheka, siku hiyo bado alikuwa anaweza kucheka. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi yake ndiyo aliyokwenda kula maharage kanisani.

*

Habari ikishaingia kwa mtu mwoga haikai palepale. Jumatatu, mama wa posta alimwambia ameisikia na yeye, ila uzi ulikuwa futi sita. Jumatano, kwa msusi, ikawa ni kamba ya kuanikia nguo, na mtoto alikuwa hajaamka bado. Arlene akampigia simu dada yake, na dada yake, anayekaa maili arobaini mbali, akasema, "Ndiyo, ndiyo, nimesikia na mimi, nilitaka nikupigie." Arlene akahesabu: watu wanne tofauti, mahali panne tofauti. Watu wanne hawawezi kuwa wamekosea wote.

Mume wake, Dale, anafanya kazi kiwanda cha karatasi na ni mtu wa maneno machache. Alisikiliza yote akiwa anavua viatu.

"Kesho watasema walimtoa na vibanio vya nguo," alisema.

"Wewe cheka. Ni mtoto wa mtu."

"Wa nani?"

Arlene akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Tangu siku hiyo bustani ikawa na sheria mpya. Trina alikuwa akienda kila asubuhi kuangalia njegere kama mtu anayemwangalia mgonjwa wake hospitalini. Anachuchumaa, anainua majani, anahesabu maganda mpaka kumi na moja, anaanza upya.

"Mama, hili limeiva."

"Bado. Usiguse."

"Hili je?"

"Nimesema usiguse, Trina. Zitaiva Nne ya Julai."

"Zote siku moja?"

"Zote siku moja."

Trina alimwangalia mama yake kwa muda. Halafu akanyamaza, na Arlene akashukuru kwamba amenyamaza. Hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza. Mtoto wa miaka mitano akinyamaza ameshapata njia nyingine. Kwa wiki nzima iliyofuata Trina alikuwa akipotea dakika kumi, robo saa, na kurudi na kitu cha kijani kwenye kidevu. Arlene alimfuta akidhani ni majani ya kuchezea.

Kosa la pili alilifanya jikoni kwa Elva. Alikwenda kuomba shauri, na Elva alimpa lile alilokuwa nalo, ambalo ni lilelile la miaka yote.

"Ganda ni la nguruwe," Elva alisema. "Miaka arobaini na miwili namenya njegere za Nne ya Julai. Hajapasuliwa mtu mezani kwangu. Menya, chemsha kwenye maziwa, tia siagi. Mtoto atakula."

"Lakini katalogi..."

"Katalogi ilikuambia na futi sita."

"Ni kweli zimefika futi sita, mama."

Elva alinywa kahawa kidogo. "Kwa ukaidi," alisema.

Basi wakakubaliana watazimenya. Arlene alirudi nyumbani kifua kimelegea kwa mara ya kwanza tangu yale maharage. Njegere bila ganda haina uzi. Usipokuwepo uzi, hakuna kisu. Aliona amelimaliza jambo, wala hakukumbuka kwamba Trina hakuwahi kuweka kidole juu ya njegere. Aliweka juu ya ganda.

*

Nne ya Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mezani kwa watu hao lazima kuwe na samoni, viazi vichanga, mchuzi wa mayai na maziwa, na njegere za kwanza kutoka bustani yako mwenyewe. Ukinunua dukani utasemwa mpaka Krismasi. Miaka yote njegere zilikuwa za Elva. Mwaka huo Elva mwenyewe ndiye aliyesema, "Zije za Arlene, tuone hao wa Idaho," na za kwake akaziacha kwenye miche.

Saa tatu asubuhi Arlene na mama mkwe walikaa kibarazani kwa Elva na beseni kubwa la maganda. Mengine yalikuwa bado hayajajaa vizuri, kwa sababu yamechumwa kwa tarehe na si kwa macho. Trina alisimama karibu.

"Mnafanya nini?"

"Tunamenya, mpenzi," bibi yake alisema. "Tazama. Unabonyeza hapa, unapasua, unasukuma kwa kidole gumba."

"Na hiyo mnaitupa?" Trina alionyesha ndoo.

"Hiyo ni takataka."

Trina aliitazama ndoo. Akawatazama mama yake na bibi yake, mmoja baada ya mwingine, kwa huruma fulani, kisha akaondoka.

Kumenya kulichukua saa moja na nusu. Maganda yale ni manene, yana nyama na maji, hayapasuki kama ya njegere za kawaida. Ukibonyeza yanavunjika *ta*, na ndani unakuta punje ndogo zimejibana kama zina baridi. Vidole vya Elva, vilivyokuwa vikimenya miaka arobaini na miwili, vilianza kuteleza. Ndoo ikajaa pomoni. Bakuli likafunikwa chini tu kwa punje.

Elva aliliinamisha bakuli, punje zikabingirika zikakusanyika kona moja.

"Hao watu wa Idaho," alisema taratibu, "wana familia ndogo."

Mezani walikuwa watano: Dale, Elva, Arlene, Trina, na Mzee Orrin ambaye hualikwa kila mwaka tangu mkewe afariki, na kila mwaka huja na pai ya kununua na kudai kaioka. Njegere zilikuwa zimechemka dakika ishirini kwenye maziwa, kama desturi, na zilizobaki nzima zilikuwa za kutafuta. Arlene aligawa kwa kijiko cha chai.

Mzee Orrin aliangalia sahani yake. "Hii nanywa mara ngapi kwa siku, daktari?"

"Kula, Orrin," Elva alisema.

"Nakula. Natafuta miwani tu."

Arlene hakuwa anawasikiliza. Kwenye sahani ya Trina aliweka punje kumi na moja, nzima, zilizochaguliwa moja moja, zimepangwa mstari. Miezi mitano alikuwa amesubiri sahani hiyo. Akajifanya anakata samaki, jicho pembeni.

Trina alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja kweli. Akachukua moja, akaiweka kwenye ulimi, akaitoa, akairudisha mahali pake kwenye mstari.

"Hizi sizo," alisema kwa upole.

"Ndizo, mwanangu. Ndizo tulizopanda."

"Sizo." Akashuka kwenye kiti. "Nimeshiba."

Dale akampa mkewe chumvi ambayo hakuiomba. Arlene aliinamisha kichwa akala kijiko chake mwenyewe cha njegere, zilizokuwa na ladha ya maziwa ya moto na kitu kingine cha mbali, akaona barua ya hospitali kubwa imeshaandikwa, muhuri umeshapigwa, na kosa ni la nani.

Zilipita dakika kumi ndipo alipogundua kwamba nyumba iko kimya kuliko inavyopaswa.

Alimkuta ngazi ya nyuma, ya jikoni. Trina alikuwa amekaa chini, miguu imezunguka ndoo ya maganda, mashavu yamejaa, anatafuna. Ndoo ilikuwa imefika nusu.

Arlene hakupiga kelele. Alipiga magoti, akamshika mtoto kidevu, akaingiza kidole mdomoni akatoa kilichotoka, na mkono wa pili ukawa unapapasa lile tumbo kama anatafuta fundo.

"Mama, unaniumiza."

"Umekula mangapi?"

"Kumi na moja."

"Trina."

"Kumi na moja nyingi."

Alimbeba hivyohivyo mpaka mezani, miguu ya mtoto ikining'inia. "Dale, washa gari. Amekula maganda. Ndoo nzima. Twende sasa hivi, kabla hazijaanza kujifunga."

Dale alikuwa ameshasimama, funguo mkononi. Mzee Orrin peke yake ndiye aliyebaki ameketi.

"Kabla nini hazijajifunga?" aliuliza.

"Nyuzi, mzee. Hujasikia? Mtoto wa mji wa jirani amepasuliwa. Alikula hizihizi. Walimtoa uzi mrefu kama kamba ya nguo."

"Mtoto gani?"

"Sijui jina."

"Uzi wa njegere hizi mpya?"

"Ndiyo."

"Uliotolewa na daktari?"

"Ndiyo, mzee, na sasa hivi tunapoteza muda..."

Mzee Orrin aliweka uma chini, akajifuta mdomo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kucheka na anaona si mahali pake.

"Mama Trina, keti kidogo. Huyo mtoto ni mimi."

Arlene alibaki amesimama.

"Agosti ya mwaka jana," mzee alisema. "Niliacha maganda yakakomaa, nikala bila kuvuta uzi. Ukaingia kwenye meno yangu ya bandia, hapa chini, ukajizungusha kwenye ule waya. Nikakaa siku mbili siwezi kuyatoa wala kuyaacha. Nikaenda kwa daktari wa meno, akautoa na koleo dogo. Akaniambia uzi mrefu kama kamba ya kiatu. Alikuwa anatania. Nikaisimulia dukani mwezi wa nne, siku unanunua mbegu. Ulikuwa umesimama hapo hapo na pakiti zako."

"Sikumbuki."

"Utakumbuka. Watu walicheka, wewe hukucheka. Uliniuliza, 'Na je, angekuwa mtoto, akaumeza? Si wangempasua?' Nikasema labda. Mle dukani walikuwa watu saba."

Arlene akaiona siku ile: harufu ya mbolea, pakiti mbili mkononi, na sauti yake mwenyewe ikiuliza. Ilikuwa imetoka dukani Aprili kama swali, ikazunguka wilaya nzima, ikarudi Juni kama habari, na yeye aliipokea kwa mikono miwili kama mgeni asiyemjua.

"Kwa hiyo," Elva alisema, akijipakulia kiazi, "aliyempasua yule mtoto ni wewe."

Dale aligeukia dirishani. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Sawa," Arlene alisema, uso unawaka, bado kambeba Trina. "Sawa. Lakini nyuzi zipo. Na huyu amekula nusu ndoo."

"Uzi hauliwi, Mama," Trina alisema begani. "Uzi unavutwa."

"Nani kakuambia?"

Trina akajikunjua akashuka, akamshika mama yake mkono, wote wakafuata mpaka ngazi ya nyuma. Kwenye kishikio cha ngazi nyuzi zilikuwa zimetundikwa, kijani, nyembamba, zimenyooshwa moja moja, na kati ya fungu na fungu kumeachwa nafasi. Arlene hakuhitaji kuhesabu kila fungu lina ngapi. Trina akachukua ganda moja ambalo Elva alilipasua, akashika kikonyo kwa kucha, akakivunja nyuma, akavuta mpaka mkiani. Uzi ukatoka mzima. Akageuza, akavuta na upande wa pili. Akatundika.

"Mzee Orrin ndiye mwalimu wangu," alisema.

Wote wakamgeukia Mzee Orrin.

"Zangu ziliiva wiki iliyopita," mzee alisema, sasa hatazami mtu. "Alikuja kwenye wavu akasema, 'Mama anasema zetu hazijaiva. Na zako?' Nikadhani unajua."

"Wiki nzima?"

"Kasoro Jumapili."

Hapo Arlene alipata sauti yake. "Mzee, mtoto wa mtu halishwi bila mama yake kujua. Hata kama ni maji. Ungevuka barabara ukaniambia, mimi nisingekaa wiki mbili nikiona visu kila nikifumba macho."

Mzee Orrin alivua kofia, ingawa hakuwa amevaa; mkono ulipanda kichwani ukakuta nywele. "Hapo umenishinda," alisema. "Ningevuka barabara."

Trina alikuwa ameshavuta jingine. Akamnyooshea mama yake. "Kula, Mama. Hii ndiyo yenyewe."

Arlene alilitazama. Lilikuwa limepasuliwa, tupu, limetoka ndoo ya nguruwe. Akaling'ata. Likavunjika katikati ya meno, maji yakatoka, baridi na matamu, utamu safi usio na sukari ya mtu. Alitaka kuendelea kukasirika lakini mdomo ulikuwa na kazi. Akachukua jingine. Dale akachukua. Elva alisimama pembeni akiangalia familia yake inakula chakula cha nguruwe. Baadaye mkono wake ukaingia ndooni polepole, kama wa mtu asiyejua mkono wake uko wapi.

"Basi?" Mzee Orrin alimuuliza.

"Nafikiri bado," Elva alisema, na akachukua la pili ili afikiri vizuri.

Arlene alimkalisha Trina karibu yake mpaka saa kumi, akimgusa tumbo kila baada ya robo saa. Tumbo lilikuwa tumbo. Saa kumi Trina aliuliza, "Mama, zimebaki?" na kwenye ndoo hapakuwa na kitu.

Wakaenda bustanini. Njegere zimelala chini vilevile, zimekumbatiana, lakini ukiinua majani unakuta maganda, yaliyojaa na yanayojaa. Arlene alisimama akazitazama. Kisha akaenda uani, akafungua kamba ya kuanikia nguo kutoka nguzo zote mbili, akarudi nayo imezungushwa mkononi. Mzee Orrin alivuka barabara na kipande cha wavu na vigingi vinne virefu. Hakusema neno, jambo lililomgharimu. Wakaziinua pamoja, mche kwa mche, wakazifunga kamba kiunoni.

Trina alikuwa ameshika ncha. "Hii ndiyo kamba iliyotoka kwa yule mtoto?"

Elva akakohoa. Dale akageukia upande wa banda.

"Ndiyo hii," Arlene alisema. "Shika vizuri isianguke."

Agosti nesi alimpima Trina. Mzani ulionyesha ratili tatu zaidi, na nesi akauliza amelishwa nini. Trina akamjibu mwenyewe: "Takataka." Arlene alichukua dakika nzima kulieleza jambo hilo, na barua haikuandikwa.

Aprili iliyofuata, pakiti za mbegu ziliporudi dukani, Arlene aliandika karatasi kwa penseli, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, palepale aliposimama mwaka wa nyuma na kuuliza swali lake. Ilisema hivi:

MAMBO YA KUEPUKA KWA WANAOPANDA NJEGERE ZA KULIWA NA MAGANDA YAKE

Usipande kwenye tope. Ukiminya udongo ukabaki bonge, subiri.

Usimwachie mtoto mbegu zenye unga wa rangi. Ile ni dawa. Akizishika anawe kabla hajagusa uso.

Usitumie fito fupi, hata kama mama mkwe amezikata mwenyewe. Zinafika juu kuliko mume wako.

Usitie mbolea ya kuku nyingi. Utavuna majani.

Usipande njegere za mapambo, zile za maua tu, pua kwa pua na hizi. Maganda yake yanafanana na haya, na yale yana sumu kweli. Hili sikulisikia kanisani.

Usichume kwa tarehe. Chuma ganda likijaa, na chuma kila siku. Ukiacha yakomae mmea unaacha kuzaa.

Usizimenye.

Usile uzi. Vunja kikonyo, vuta mpaka mkiani, pande zote mbili. Wenye meno ya bandia warudie mara mbili.

Usichemshe zaidi ya dakika mbili.

Usimwambie mtoto hazijaiva kama zimeiva.

Usimlishe mtoto wa mtu bila mama yake kujua.

Usiulize "je, angekuwa mtoto?" mbele ya watu saba.